Kinyongo na Kijidudu

Kwa miaka sita nilijua kabisa kwa nini tumbo linaniuma. Kaka yangu, tumbo moja, aliuza shamba la minazi la marehemu baba kule Pangani, akaniletea milioni mbili kwenye bahasha ya kaki, akasema hiyo ndiyo nusu. Sikumjibu. Nilirudi Tanga kwenye cherehani yangu hapa Ngamiani, na tangu mwaka ule, kila usiku ikigonga saa nane, kitu kikawa kinanitafuna kwenye chembe cha moyo.

Hebu tazama jina lenyewe. Pale hapana moyo, pana mfuko wa chakula. Lakini sisi tukitaka kutapika husema moyo umechafuka, na anayemwekea mwenzake chuki husemwa ana kinyongo, neno lililotoka kwenye nyongo, yale maji machungu yanayotengenezwa na ini. Kwa hiyo maalimu wa mtaani aliponiambia, "Fundi, hicho si kidonda, ni kinyongo, nenda kamsamehe nduguyo," sikuona ajabu. Lugha yangu ilishaniambia hivyo zamani.

Nikapanda basi. Nilimkuta barazani, amezeeka kunishinda. Mkono ulimtetemeka akinimiminia kahawa, na bati la nyumba lilikuwa limetoboka. Zile fedha hazikuonekana popote. Nilikwenda kutafuta dawa, lakini nilipouona ule mkono nilisahau tumbo. Nikamwambia yamekwisha. Akalia. Tukala wali wa nazi na samaki mpaka usiku mkubwa, na saa nane ilipofika nilikuwa nimelala fofofo. Nikasema, alhamdulillahi, maalimu ana ilimu.

Wiki iliyofuata maumivu yakarudi. Hapo ndipo mateso yalipoanza, maana sasa niliamini msamaha wangu ulikuwa wa mdomoni. Kila usiku nilijipekua nafsi kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

Ramadhani iliyofuata nikapata choo cheusi kama lami. Daktari, binti mdogo kwa mwanangu wa pili, aliniteremshia mpira wenye kamera kooni, akaona kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Vidole vichache chini yake, alinieleza, ndipo nyongo inapomwagika. Nikashtuka. Akacheka: "Hapana mzee, nyongo haina kosa. Una bakteria." Na usiku ule wa Pangani? Kidonda cha mahali pale mara nyingi huuma tumbo likiwa tupu na hutulia ukila. Ulikuwa wali, basi.

Alinisimulia kwamba hata madaktari kwa miongo mingi walilaumu mawazo na asidi. Mwaka 1979, mjini Perth, Australia, Robin Warren aliona kwenye darubini vijidudu vilivyojipinda kama uzi uliofumuliwa kwenye mshono, vikiishi mahali ambapo vitabu vilisema hakiishi kitu. Vinajitengenezea amonia na kuipooza asidi inayovizunguka. Mwenzake, Barry Marshall, alipoona watu hawamsadiki, mwaka 1984 alivinywa mwenyewe, akaugua baada ya siku chache. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nilipewa vidonge vya siku 14, na saa nane za usiku zikawa za usingizi tena.

Lakini nilibaki na swali ambalo kamera hailifikii. Kama kinyongo hakikuwa na hatia, ule msamaha nilioutoa kwa sababu ya uongo ni wa halali? Maalimu hakupenda nilivyouliza. Nimejijibu mwenyewe: mtu akikimbia mvua akaingia msikitini, kisha akaswali, sala yake haibatiliki. Sisi Mashafii nia tunaiweka kwenye takbira, hatuiweki mlangoni. Takbira yangu ilikuwa ule mkono uliokuwa ukitetemeka.

Kilichonishinda ni kingine. Binti yule aliniambia karibu nusu ya watu duniani wamekuwa wakibeba bakteria hao, na wengi wao hawapati kidonda maisha yao yote. Basi kwa nini mimi? Alitaja sigara, dawa za maumivu, aina ya kijidudu chenyewe. Sivuti. Dawa za mgongo nilimeza sana, nakiri. Hata hivyo nimeona jinsi mtu anavyotamani ugonjwa wake uwe na maana, hata kama maana hiyo inamtia hatiani. Miaka sita nilikuwa mkosefu, na kuna siku nilimwonea wivu yule mkosefu, kwa sababu yeye alijua anaumwa nini.

Halafu daktari akaongeza, kama jambo dogo, kwamba watu wengi huvipata vijidudu hivyo utotoni, nyumbani kwao. Nikakumbuka sinia moja, mikono yetu miwili, na mama akimtafunia mdogo kwanza.

Jioni nilimpigia kaka simu. Nikamwambia akapime, kwani huu urithi labda uligawanywa sawa kwa sawa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ule mpira unauma.