Pamba, Moto na Plagi
Pikipiki kuukuu imezimika njiani Ushetu. Fundi anabadilisha plagi, anapiga kiki, inawaka. Basi plagi ndiyo ilikuwa mbovu?

Pengine. Lakini alipoivuta kofia ya plagi aliutikisa pia waya uliolegea, na injini ikapata nafasi ya kupoa. Koili iliyochoka hukata cheche ikipata joto, ikipoa huirudisha. Huenda plagi inasifiwa bure.

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuliza swali hilohilo kwa pamba, zao ambalo Ushetu hawahitaji kuelezwa. Pamba ikiguswa na moto huungua. Ila macho huona mambo mawili yakifuatana tu, hayauoni moto ukilazimisha. Kwake mtendaji ni Mungu. Baadaye mwanafalsafa Ibn Rushd akamjibu: anayekana sababu anakana elimu yenyewe.

Fundi makini yuko upande wa Ibn Rushd, ingawa mikono yake ina shaka za Ghazali. Anairudisha plagi ya zamani. Pikipiki ikiwaka nayo, anaanza upya: betri ya volti 12 iliyojaa isome karibu 12.6, waya wa ethi usuguliwe kutu, fyuzi ipimwe, isitazamwe tu.

Mwenye pikipiki, abiria wake wa Kahama akiwa anangoja, anaona huo ni wazimu: kuondoa kitu kinachofanya kazi!