Wosia wa Mtu Aliye Ugenini

Wosia ni neno la mtu aliyekwisha kunyamaza. Mtu akifa kwao, kunyamaza kwake hakuleti taabu kubwa, kwa kuwa majirani wanaujua mpaka wa shamba lake, ndugu wanayajua madeni yake, na watoto wake wanajulikana kwa sura na kwa majina. Afiaye ugenini hana mashahidi wa namna hiyo. Waliomzika hawajui alikotoka, na walio kwao hawajui alivyoishi. Je, mtu huyu yu huru kuusia au kutousia kama apendavyo, au wosia ni deni juu yake?

Chanzuru, wilayani Kilosa, ni mahali panapofaa kuuliza swali hili. Nchi ya Kilosa ilijulikana kwa mashamba ya mkonge, na mkonge ulitaka mikono mingi. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipita Kilosa, na shirika la waajiri lililoitwa SILABU, lililoundwa mwaka 1944, lilikusanya vibarua wa mashamba ya mkonge kutoka majimbo ya mbali. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Namba ilitosha kwa hesabu ya ujira. Haikutosha kwa hesabu ya urithi.

Tumfikirie Muha mmoja miongoni mwao. Kwao Kigoma ameacha mke na watoto. Mkataba umekwisha, naye hakurudi. Ameishi na mwanamke wa Kisagara bila ndoa, wamezaa, wamejenga, wamelima. Siku anapokufa, mila mbili zinakutana juu ya kaburi lake. Waha huhesabu ukoo kwa baba. Wasagara huuhesabu kwa mama. Ndugu wanakuja kuchukua mali ya marehemu wao, na mwanamke aliyemuuguza anaulizwa yeye ni nani. Hakuna mwizi kati yao. Kila mmoja anashika haki aijuayo, na aliyeweza kuwapatanisha kwa sentensi mbili amelala chini ya udongo.

Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lililokusanya desturi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilimnyima mtoto wa nje ya ndoa urithi wa upande wa baba, isipokuwa kwa wosia. Basi kunyamaza kwa baba kulikuwa hukumu juu ya mtoto asiye na kosa. Tangazo hilo lilitaka pia wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kanuni hii ina hekima, maana ndugu huchunga asili, na mtu baki huchunga ukweli. Lakini mgeni atampata wapi ndugu? Hapa ugumu unageuka kuwa fundisho: mgeni hawezi kuusia sawasawa mpaka awakutanishe watu wa pande zake mbili, na kuwakutanisha ni kukiri mbele ya kila upande kwamba upande wa pili upo.

Uislamu nao una kisa kinachokaribiana na hiki. Saad bin Abi Waqqas, aliyehama Makka kwenda Madina, aliugua alipokuwa Makka akataka kuusia sehemu kubwa ya mali yake. Mtume alimruhusu theluthi, akamwambia nayo ni nyingi. Ugonjwa wa safarini haukumpa ruhusa ya kuwasahau warithi.

Wako wasemao kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Kifo hakingoji kuitwa. Wengine husema mali ni jasho la mtu, naye ana hiari nalo. Ni kweli kwamba jasho ni lake. Lakini shamba lililimwa na wawili, na nauli ya kwanza pengine ilitolewa na walioachwa nyumbani. Mwenye mali ana hiari ya kugawa. Hiari ya kuficha hana.

Kijana wa Chanzuru aishiye leo Muscat au London yumo katika hali ile ile ya manamba, ijapokuwa mshahara wake ni mkubwa zaidi. Na aandike angali mzima, na arudiapo nyumbani kwa likizo awataje watu wake wote mbele ya mashahidi. Mali kidogo iliyosemwa kweli huacha ndugu. Mali nyingi iliyonyamaziwa huacha kesi.