Je, Aliyeponywa Akipumzika, Amekosa Imani?



Tunataka kusema nanyi juu ya jambo lililotuchoma moyo, sisi mashemasi wa hapa Bigo. Kijana mmoja wa kanisa letu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, alishikwa na tifoidi. Nyumbani walidhani ni malaria. Juma la tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao, akapelekwa hospitali usiku juu ya pikipiki, akapasuliwa. Utumbo ulikuwa umetoboka. Tulikesha tukiomba, na Mungu alisikia. Lakini aliyekuwa na kilo 61 alitoka na kilo 47, na shati lake la masomo lilimning'inia kama limeanikwa juu ya mti.

Hapo ndipo kosa letu lilianza. Jumapili ya kwanza aliyofika tulimwita mbele atoe ushuhuda, akasimama karibu nusu saa. Tulimwambia: «Umepona, mtoto wetu, usirudi tena kitandani.» Juma lililofuata kanisa lilifunga siku tatu, naye akafunga pamoja nasi ili kumshukuru Mungu. Usiku alisoma mpaka saa saba kwa taa ya sola, maana mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili, na mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya masomo yake. Siku ya tatu alianguka katikati ya wimbo. Wengine walianza kukemea pepo. Mama yake akalia: «Si pepo, ni njaa!»

Neno lile lilituhukumu. Tangu siku hiyo tunajiuliza: mtu aliyeponywa na Mungu akisema, «Leo sina nguvu,» je, anamkana Yule aliyemponya? Midomo yetu husema hapana. Lakini matendo yetu kwa kijana yule yalisema ndiyo.

Tuyatazame Maandiko. Binti wa Yairo alikuwa amekufa, na Yesu alimfufua. Akatembea, watu wakashangaa. Je, Bwana alimwagiza nini baada ya muujiza mkubwa hivyo? Hakumtuma kuhubiri. Aliagiza apewe chakula (Marko 5). Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, nabii Isaya alimletea neno la kupona. Nabii huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, na akamwambia kwamba atapanda nyumbani mwa Bwana siku ya tatu, si saa ileile (2 Wafalme 20). Na Eliya alipochoka hata akatamani kufa, malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa inamzidi nguvu (1 Wafalme 19). Ndipo akatembea siku arobaini. Basi Mungu mwenyewe anaacha siku kati ya kuponya na kutuma. Sisi ni nani hata tuzifute siku hizo?

Mwili nao una sheria aliyowekewa na Muumba. Ugonjwa huu si wa Bigo peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, chini ya mlima Ruwenzori, tifoidi ilienea kuanzia mwisho wa mwaka 2007 hadi 2009. Wagonjwa 577 walihesabiwa. 249 kati yao walitoboka utumbo, na 47 walikufa. Anayepona tundu kama lile amepigana vita. Mwili wake unafanya kazi ya kujenga hata akiwa amelala: unashona nyama, unarudisha damu. Kazi hiyo inakula chakula na nguvu, na ndiyo maana mgonjwa huchoka kwa kufungua kitabu tu.

Hata katika miji kama Nairobi, kuna watu wanaopasuliwa tumbo kwa hiari ili wapunguze uzito uliowaletea magonjwa. Wao nao, pamoja na fedha zao na madaktari wao, huanza kwa vinywaji na uji mwepesi, kisha hula kidogo kidogo, na kwa siku nyingi huchoka upesi. Tajiri na maskini, kisu kikipita tumboni, wote wanajifunza subira ileile.

Lakini ndugu mmoja alituuliza swali zuri: «Shemasi, mkifundisha hivi, je, hamtawapa wavivu mkeka wa kulalia?» Ni kweli, wako wanaopona na kuendelea kuugua kwa mdomo tu, huku wengine wanawachotea maji. Mithali inamtuma mvivu kwa chungu ili apate akili. Hatulifuti neno hilo. Ila tumeona kwamba kosa la mvivu na kosa la kijana wetu yanafanana. Mvivu anaficha nguvu aliyo nayo. Kijana wetu alionyesha nguvu asiyokuwa nayo. Wote wawili wanasema uongo juu ya kipawa cha Mungu. Mungu anatudai ukweli: nikiwa na nguvu ya saa moja, nifanye kazi ya saa moja kwa moyo wote, kisha nipumzike bila haya.

Na tukiri pia kwamba uongo wa kijana ulikuwa na baba, na baba yake ni sisi. Tulimsifu aliposimama. Kama angeketi, nani angemsifu? Lazaro alipotoka kaburini, Yesu aliwaambia waliokuwa pale wamfungue. Kufungua ni kazi ya kanisa. Sisi tulimwongezea kamba.

Tulirudi kwake pamoja na mama yake na dada mmoja muuguzi, tukapanga mambo hivi. Ale mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo: uji wa mahindi na soja, yai, maziwa yaliyochemshwa, samaki wa Ziwa Albert, maharage yaliyopondwa. Asome asubuhi akiwa na akili safi, kwa dakika arobaini, kisha alale kidogo, na jioni arudie tena. Usiku ni wa kulala. Atembee mpaka barabarani na kurudi, lakini asibebe bidoni ya lita 20 wala kushika jembe mpaka daktari aruhusu. Asifunge, wengine tufunge kwa niaba yake. Homa ikirudi, au tumbo likivimba, au kidonda kikitoa usaha, aende hospitali siku hiyohiyo, na maombi yamfuate njiani. Na nyumba nzima inywe maji yaliyochemshwa na kunawa mikono kwa sabuni, maana tifoidi huingia kwa mdomo.

Wanafunzi wenzake walifika kila Jumamosi kumsomea kwa sauti huku amelala. Vijana wa kwaya walimchotea mama yake maji. Kijana alifanya mtihani, akapata asilimia 53. Wengine walisema ni kidogo. Mama yake alikunja karatasi ile ndani ya Biblia.

Wapendwa, katika kila avenue ya Bigo yuko mtu anayepona polepole: mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, mzee aliyetolewa henia, mtoto aliyetoka malaria. Mkimtembelea, msimwulize atasimama lini. Mwulizeni kama amekula. Naye anayepona asiogope kuketi wakati wengine wanasimama kuimba. Mungu anamwona pale alipoketi.

Bwana atupe kweli na subira. Amina.