Mkasi na Sanduku la Bibi



Leo nina swali ambalo limenisumbua muda mrefu, nikaona nisikae nalo peke yangu. Vitu vya zamani vya nyumbani, hasa vile tulivyoachiwa na marehemu wetu, je, ni sawa kuvikata na kuvigeuza kuwa vitu vingine? Namaanisha kitenge cha bibi kiwe pochi, shati la babu liwe foronya, mkeka uliochakaa uwe mkoba. Unaweza kusema hilo si swali la kiroho, ni la fundi cherehani. Hata mimi nilidhani hivyo. Naomba unisikilize kwanza.

Mimi naishi Mbeya, na nashona. Sina duka. Nina cherehani ya miguu barazani, na wateja wangu wengi ni watu wa jumuiya na wenzangu wa VIWAWA pale parokiani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Iringa, kijiji kimoja upande wa Kalenga. Alipofariki, nguo zake ziligawanywa mbele ya ndugu kama desturi ilivyo. Zilizobaki zikarudishwa kwenye sanduku la bati, na sanduku likakaa chini ya kitanda cha shangazi yangu, ambaye ndiye anayeishi katika nyumba ile.

Mwaka juzi mwezi wa saba nilikwenda kumsalimia. Baridi ya Iringa mwezi wa saba unaijua. Usiku shangazi akalivuta sanduku tutafute blanketi. Ndani kulikuwa na kitenge cha WAWATA cha bibi, kanga mbili, kikapu cha milulu, na vitenge vitano vya zamani vyenye rangi ambazo siku hizi huzipati Mwanjelwa hata uzunguke mchana kutwa. Pia kulikuwa na nondo. Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani wahenga hao hawakulifungua sanduku lile. Niliinua kitenge kimoja kwenye mwanga wa taa, nikaona matundu kama chekeche.

Nikasema, "Shangazi, hivi si vinaharibika tu hapa? Nipe mimi nikavitumie."

Shangazi alikuwa anakunjua blanketi. Hakujibu. Nami nikauchukua ule ukimya kuwa ni ndiyo. Asubuhi nikavifunga vile vitenge vitano kwenye kiroba nikapanda basi. Kufika Mafinga nilikuwa nimeshazihesabu pochi kichwani.

Zilitoka pochi kumi na nne, zenye zipu na bitana nzuri. Niliziuza shilingi elfu nane kila moja baada ya Misa ya Dominika, na sehemu ya fedha ikasaidia wenzetu wawili waliokuwa wamepungukiwa mchango wa hija. Nilijisikia vizuri sana. Na nilikuwa na sababu za kiimani kabisa, maana nilikuwa nimejiandaa kumjibu yeyote atakayeuliza.

Nikupe sababu hizo, kwa sababu bado naziamini. Katika Injili ya Yohane sura ya 6, baada ya watu kushiba, Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Katika Mathayo 6:19 anatuonya tusijiwekee hazina mahali ambapo nondo na kutu huharibu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutupatupa vitu na kutufundisha kwamba kukitumia kitu tena badala ya kukitupa kunaweza kuwa tendo la upendo. Na Kanisa lenyewe linafanya hivyo kila mwaka: matawi ya Dominika ya Matawi, yale tunayoyaweka nyuma ya picha ukutani, huchomwa yakawa majivu ya Jumatano ya Majivu mwaka unaofuata. Kumbukumbu ya shangwe inageuzwa kuwa alama ya toba kwenye paji la uso wako. Hakuna anayelia kwamba tawi lake limeharibiwa.

Tena pale Iringa mjini kuna kituo cha Neema Crafts, cha ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha. Kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, na kazi mojawapo iliyowapa jina ni kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kitu ambacho mtu angekiruka barabarani kikawa kadi ya kumtakia mwenzako Noeli njema, na watu wenye ulemavu wakapata kazi na heshima. Ukiona hivyo, utasema nini juu ya kitenge kilichofungiwa kwenye sanduku?

Basi nilikuwa na majibu yangu. Kisha shangazi akaja Mbeya kwa ajili ya harusi.

Dominika tulikwenda Misa pamoja. Tulipotoka, akapita binti mmoja wa kwaya na pochi ya kijani yenye ndege wa njano. Shangazi akasimama. Akamsalimia yule binti vizuri tu, akaiomba ile pochi, akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mshono. Akairudisha. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Kumbe kile kitenge cha kijani kilikuwa mbeleko. Shangazi alikuwa na mtoto wa kiume aliyefariki akiwa na miezi minane, kabla mimi sijazaliwa. Bibi ndiye aliyembeba kwa kitenge kile siku ya mwisho, kwenda zahanati. Hakuna picha hata moja ya mtoto yule. Kitenge kilikuwa ndiyo picha yenyewe.

"Mama alikiweka chini kabisa kwa ajili yangu," alisema. "Ili nisikione kila siku, ila nijue kipo."

Nikamwuliza, "Sasa shangazi, mbona hukusema usiku ule?"

Akaniangalia. "Ningesema nini, mwanangu? Wewe ulikuwa umeshaona pochi."

Kitenge kile kilitoa pochi tatu. Mbili walinunua wageni ambao sitawapata tena. Yule binti wa kwaya alipopata habari alikuja kuirudisha ya kwake, shangazi akakataa: "Amenunua. Yeye hana kosa." Nilipekua mfuko wangu wa mabaki nikapata vipande saba vidogo, kimoja kina nusu ya ndege. Nikamwambia nitavishona viwe jalada la kitabu chake cha sala. Nilidhani nimepata njia nzuri ya kutubu.

Akasema, "Hapana. Usishone chochote. Nipe hivyo hivyo."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Je, lilikuwa kukata? Sidhani. Tarehe 11 Novemba tunamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours. Akiwa bado askari, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa, alilipasua joho lake kwa upanga na kumpa nusu maskini aliyekuwa anatetemeka kwa baridi. Usiku akamwona Kristo katika ndoto, amevaa ile nusu. Kwa hiyo mkasi si dhambi, na vazi lililokatwa laweza kumfikia Bwana mwenyewe. Lakini angalia jambo moja ambalo mimi nililiruka: Martino alikata joho lake. Mimi nilitoa sadaka kwa kitu cha mtu mwingine. Sadaka ilikuwa yake, sifa nikachukua mimi.

Utaniambia kitenge kilikuwa cha bibi, na mimi ni mjukuu, nina haki. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kitu cha kumbukumbu kina wamiliki wa aina mbili: anayekishika, na wanaokumbuka kupitia hicho. Watu wa Kalenga wanalijua hili kuliko wengi. Mtwa Mkwawa alipokufa mwaka 1898, Wajerumani walichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe, na lilirudi mwaka 1954. Leo limehifadhiwa katika makumbusho pale Kalenga. Fuvu la shujaa si kitenge, najua, wala mimi si jeshi la mkoloni. Ila swali la msingi ni lile lile: uliuliza wenyewe?

Na kuna kosa la pili, dogo kwa kulitazama, ila ndilo linalonihusu zaidi mimi na pengine wewe. Nilidhani kitu kisichotumika hakina kazi. Soma Matendo ya Mitume sura ya 9. Tabitha, ambaye pia anaitwa Dorkasi, amefariki kule Yafa. Petro anafika, na wajane wanamzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Hebu fikiri kama mimi ningekuwepo pale. Pengine ningesema, "Mama zangu, kanzu hizi tukizikata tunapata vitambaa vizuri." Wajane wale hawakuwa wanaonyesha kitambaa. Walikuwa wanaonyesha upendo uliowagusa mwilini. Nguo ile ilikuwa inafanya kazi muda ule ule, kazi ambayo mimi sikuiona kwa sababu haina bei.

Lakini tusiende upande wa pili tukaabudu masanduku. Katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia aliivunja ile nyoka ya shaba ambayo Musa mwenyewe aliitengeneza, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Ilikuwa kumbukumbu halali, yenye historia takatifu, na bado ilibidi ivunjwe. Wako watu ambao chumba cha marehemu hakifunguliwi miaka kumi, nguo haziguswi, na walio hai wanalala wanabanana. Hapo kumbukumbu imeacha kutusaidia kupenda, imeanza kututawala. Marehemu wetu hawaishi ndani ya nguo. Sisi tunawakumbuka kwa kuwaombea, kwa kuwatolea Misa, hasa mwezi huu wa Novemba.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayeshona, unayefuma, unayegeuza chupa kuwa taa na magunia kuwa mikoba, usiache kazi hiyo. Ni kazi nzuri. Ila kabla ya kushika mkasi, fanya mambo haya.

Kwanza, uliza, na usubiri jibu. Ukimya si ruhusa, hasa ukimya wa mkubwa wako. Mtu mzima anaponyamaza, mara nyingi anakupa nafasi ya kufikiri tena. Badala ya kusema "nipe nikavitumie", sema "niambie habari za hiki." Ningeuliza hivyo usiku ule, ningelala nimejua kwamba nilikuwa na binamu.

Pili, tofautisha kitu cha kawaida na kitu kilichobarikiwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inataka vitu vitakatifu vilivyowekwa wakfu au kubarikiwa vitendewe kwa heshima na visipelekwe kwenye matumizi yasiyofaa, hata kama ni mali ya mtu binafsi. Rozari ya bibi iliyokatika itengeneze. Ikishindikana, ichome au izike kwa heshima. Usiifanye hereni. Na kitenge chenye picha ya Mama Bikira Maria, hata kama hakijabarikiwa, usikishone mto wa kukalia.

Tatu, jiulize kinakwenda kwa nani. Kipande cha kitenge cha bibi kikiwa kitambaa cha kumfunika mjukuu aliyezaliwa jana, kumbukumbu imebaki nyumbani na imepata mwendo mpya. Kikiuzwa, kiuzwe kwa ridhaa ya wote, na fedha yake ijulikane imekwenda wapi.

Nne, kubali kwamba vingine viachwe vilivyo. Hili ni gumu kwetu tunaopenda kutengeneza. Mikono inawasha. Lakini si kila kilichopasuka kimeletwa kwetu tukishone.

Kuhusu shangazi: nilikwenda Iringa tena mwaka jana. Sanduku liko pale pale. Safari hii tulilifungua mchana, yeye akatoa kitu kimoja kimoja na kunisimulia, na mimi nikasikiliza mikono nikiwa nimeiweka mapajani. Kikapu cha milulu alinipa mwenyewe. Mkono wake umelegea, akaniomba niutengeneze, nikautengeneza, na sasa nakwenda nacho sokoni kila wiki. Vile vipande saba ameviweka kwenye bahasha ndani ya kitabu chake cha sala. Tuliposali rozari jioni, kabla ya kuanza, alitaja jina la mtoto yule. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Nami sasa nalitaja kila Novemba.

Tusali: Ee Bwana, wewe uliyeagiza vipande visipotee, utupe mikono yenye kazi na masikio yanayotangulia mikono. Uwapokee marehemu wetu wote, pamoja na wale wadogo ambao hawakuacha hata picha. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani. Amina.