Kabla Land Rover ya Jeshi Haijawa Sufuria

Mnunuzi wa vyuma kuukuu hana ubaguzi. Anapopita Riruta Satellite, hapa Nairobi, na mkokoteni wake, ringi ya baiskeli, mlango wa friji na ubavu wa Land Rover iliyowahi kuwa ya jeshi vyote kwake ni kilo. Ubavu huo wa Land Rover una bahati mbaya zaidi, kwa kuwa ni wa alumini, na alumini ina bei kuliko chuma cha kawaida. Safari yake ni fupi: hukatwakatwa, huyeyushwa, humwagwa katika kalibu, na huenda mwisho wake ukawa sufuria ya ugali katika nyumba ya chumba kimoja Kawangware. Simlaumu mnunuzi, wala siidharau sufuria; watu lazima wale. Ninachotetea ni kwamba gari kuukuu la kijeshi, likipatikana bado lina chasisi na nambari zake, linafaa kufufuliwa, na wanaofaa zaidi kulifufua ni kundi la marafiki wa gereji za mtaa kama huu. Sababu yangu haihusu uzuri wa gari. Inahusu usimulizi. Mtu aliyekifungua chombo mpaka nati ya mwisho na kukifunga tena hupata haki ya kueleza kilikuwa nini, kilitumiwa na nani, na kilimtendea nani ubaya.

Upande huu wa Nairobi ulikuwa na jeshi tangu mwanzo, ingawa wengi wanaoishi hapa leo hawajaambiwa. Kibera ilikuwa msitu, na hiyo ndiyo maana ya neno Kibra kwa Kinubi. Ardhi hiyo ilitengewa jeshi mwaka 1904, na kufikia mwaka 1918 ilikuwa hifadhi rasmi ya kijeshi yenye ekari 4,197, walikokaa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles pamoja na jamaa zao. Vizazi vyao vilingoja hadi mwaka 2017 kupewa hati ya ekari 288. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia malori yalikuwa machache, njia zilikuwa tope, nao ng'ombe na punda waliuawa na ndorobo, kwa hiyo mizigo ya jeshi ilibebwa na watu. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kiliacha jina Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Katika sanamu za askari zilizosimamishwa mwaka 1928 kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue, mpagazi naye yumo. Kwa maneno mengine, gari la kwanza la jeshi Afrika Mashariki lilikuwa shingo ya mtu. Kila lori lililokuja baadaye liliupokea mzigo kutoka kichwani mwa mtu fulani, na ndiyo maana nasema historia ya magari haya ni ya wabebaji kabla ya kuwa ya majenerali.

Vita vya Pili vilileta injini kwa wingi. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Cunningham yalitoka Kenya, yakapita Somalia na kuingia Addis Ababa Aprili 6. Mwendo kama huo, wa mamia ya maili ya jangwa na milima, haukuwezekana bila misafara ya malori, na malori hayakuwezekana bila madereva na mafundi, wakiwemo Waafrika waliofunzwa kazi hiyo jeshini. Hata wapigania uhuru wa baadaye walipitia jeshi hilo: Waruhiu Itote alipigana Burma. Bildad Kaggia alifika Mashariki ya Kati na Uingereza akiwa jeshini. Walirejea nyumbani na swali kuhusu uhuru wao wenyewe, ambalo wakoloni hawakuwa na jibu lake, na wenzao waliorejea wakijua spana na jeki walirejea na swali lilo hilo pamoja na riziki mkononi. Sidai kwamba jua kali, yaani ufundi wa mtaani, ilizaliwa kambini, maana wahunzi walikuwepo karne nyingi kabla ya King's African Rifles, na wahenga walishasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ninachodai ni kwamba ujuzi wa magari ulipita kutoka mkono hadi mkono bila cheti, nje ya macho ya serikali. Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, ndipo wakubwa walipoanza kuiona sekta hii kuwa uchumi. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda vya kivuli, walikuwa wamechomwa na jua kwa miaka mingi.

Gari lenyewe nalo linawafaa mafundi hawa. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, na wabunifu wake waliiga mengi kutoka kwa Jeep za vita. Ilipewa bodi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na bamba zake zikaachwa bapa ili kupunguza gharama za kuzikunja. Umaskini huo wa kiwandani ulizaa fadhila: sehemu nyingi zimeshikwa kwa boliti na riveti, kwa hiyo mlango, bawa au sakafu huweza kung'olewa na kurudishwa kwa vifaa vinavyoingia katika sanduku moja. Ugonjwa wake mkubwa uko chini. Chasisi ya chuma huliwa na kutu kutoka ndani, na pale alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, alumini nayo huanza kufanya unga mweupe. Tiba ni msasa, kukata kipande kilichooza, kuchomelea kipya na kupaka rangi ya kuzuia kutu, kazi ambazo gereji za kando ya Barabara ya Naivasha huzifanya kila siku kwa matatu na pikapu. Tena magari ya jeshi yalikuwa na jambo moja linalonivutia kuliko yote. Chini ya mkia wa gari iliwekwa taa ndogo iliyomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe. Usiku wa vita taa kubwa zilizimwa, na dereva wa nyuma aliufuata ule weupe wa gari la mbele, huku adui aliye angani haoni kitu. Gari hili lilibuniwa likijua kwamba halitasafiri peke yake.

Kulifufua pia si kazi ya mtu mmoja. Fundi wa injini anaweza kufumua kabureta akiwa amefunga macho lakini asijue la kufanya na nyaya za volti 24 zilizowekwa kwa ajili ya redio ya jeshi. Fundi wa bodi atanyoosha bamba mpaka ling'ae, kisha ataishia hapo, kwa maana bushi iliyolika inamhitaji fundi wa kukereza, na turubai ya nyuma inamhitaji mshonaji wa viti. Spea nyingine hazipo dukani. Lazima zitafutwe kwa marafiki wa marafiki, au zitengenezwe. Hapo ndipo urafiki unapoishinda kandarasi. Mwenye kandarasi hulipwa kwa kumaliza, kwa hiyo kila saa ya kufikiri ni hasara kwake. Marafiki huweza kungoja miezi mitatu kwa ajili ya gasketi moja, kwa sababu kilichowaleta pamoja hakiishi pale injini inaponguruma. Nairobi tayari ina mtindo wa kugharamia subira hiyo: ni chama, watu kumi na wawili wanaoweka mia tano kila wiki, wenye mweka hazina anayejulikana kwa jina na nyumba. Vyama vimenunua mashamba na kusomesha watoto. Chuma nacho kinaweza kuwekewa akiba. Na kundi lina faida nyingine ambayo haina bei, nayo ni ubishi. Mmoja atataka injini ya Toyota kwa kuwa spea ziko kila kona. Mwingine atasema gari likipoteza injini yake limepoteza ulimi. Ubishi huo ukifanywa vizuri ndio mwanzo wa somo la historia, kwa sababu kila upande utalazimika kueleza gari hilo lilikuwa nini.

Pingamizi la kwanza ni la tumbo. Mtaani ambako kodi ya nyumba inasumbua na maji hununuliwa kwa mtungi, mtu anawezaje kutumbukiza pesa katika gari lisilobeba abiria? Swali hili ni la haki na silijibu kwa hotuba kuhusu utamaduni. Nalijibu kwa kuangalia pesa zinakwenda wapi. Gari jipya likinunuliwa, sehemu kubwa ya bei yake huondoka nchini siku hiyo hiyo. Gari kuukuu likifufuliwa, gharama kubwa ni kazi ya mikono, na pesa hizo humfikia mchomeleaji, mpaka rangi, mshonaji na mama anayewauzia chai na mandazi. Tena kijana anayejifunza kufungua gia ya zamani, yenye meno anayoweza kuyaona na kuyahesabu, hujifunza kanuni ile ile iliyofichwa ndani ya kisanduku cha gari la kisasa ambacho hawezi kukifungua bila kompyuta. Nakiri mpaka wa hoja hii: mtu akiuza chakula cha watoto ili anunue taa ya mwaka 1965, huo ni ulevi tu. Chama kipo ili mzigo usimwangukie mmoja.

Pingamizi la pili linasema mchezo huu ni wa matajiri. Ushahidi wake uko karibu. Katika uwanja wa Ngong Racecourse, si mbali na Riruta, huandaliwa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970 chini ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na majaji huchungulia injini, viti na hata chini ya gari. Ni kweli kwamba wanaoketi kwenye mahema siku hiyo si wakazi wa Kawangware. Lakini bwana mwenye gari hajilazi chini ya chasisi. Yupo fundi aliyelala hapo wiki nzima, na jina lake halisomwi kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo pingamizi hili halivunji hoja yangu, linaipa nguvu. Ujuzi tayari uko mtaani. Kinachokosekana mtaani ni umiliki na sauti, na kundi la marafiki wanaofufua gari lao wenyewe hupata vyote viwili kwa mpigo.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Gari la jeshi la miaka ya 1950 halikuwa la kuchezea. Aprili 24, 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya kupambana na Mau Mau, jeshi la Uingereza liliuzingira mji huu katika Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa na kupakiwa kwenye magari, wakapelekwa Lang'ata kuchujwa, na wengi wakaishia katika kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road. Kuna familia ambazo sauti ya lori la aina hiyo si muziki kwao. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa enzi hizo jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, na mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ya walioteswa ukazinduliwa Nairobi. Je, tulipake rangi mpya gari lililofanya kazi hiyo? Jibu langu ni kwamba kuliyeyusha hakumwondolei mtu kumbukumbu, kunamwondolea ushahidi. Mateso yale yalikanushwa kwa miongo kadhaa, na nyaraka nyingi zilichomwa au kufichwa kabla ya uhuru. Walioumizwa hawana sababu ya kumsaidia aliyewaumiza kuficha zaidi. Ila ufufuaji lazima uwe mkweli. Tundu la risasi lisizibwe ili kupendeza, na atakayeliendesha siku ya sherehe aeleze abiria wa kwanza walikuwa nani. Gari likifufuliwa na mgeni kwa ajili ya safari za watalii, simulizi hiyo itafunikwa na rangi ya kijani. Likifufuliwa na wajukuu wa waliopakiwa, pamoja na wajukuu wa askari wa Kibra waliotumikia jeshi lilo hilo, watalazimika kuzungumza wakiwa wameshika boliti moja kutoka pande mbili.

Kuisubiri serikali si mpango. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 hukiita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Gari la kwanza la Karl Benz ni la 1886, kwa hiyo karibu kila gari lililowahi kukanyaga nchi hii ni kijana machoni pa sheria hiyo, isipokuwa waziri aliwekee ulinzi maalumu. Wakati huo huo kiwango cha KS 1515 hukataza kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka 8. Mkivunja la mwisho, hamtaagiza jingine kwa urahisi. Hata Uhuru Kenyatta, akiwa rais, aliposimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi michache mwaka 2022, alikuwa akilinda nguzo za umeme, hakuwa akiwaza bodi ya gari lolote la zamani.

Kila gari lililosajiliwa Kenya lina logibuku. Ndani yake mna jina la mmiliki, nambari ya injini na nambari ya chasisi. Fundi hatajwi hata mmoja. Kundi litakaloanza kazi hii Riruta lifungue daftari la pili, la kurasa zenye mistari, liwekwe chini ya kiti cha dereva. Aliyechomelea aandike jina lake na tarehe. Aliyekereza bushi vivyo hivyo. Aliyesimuliwa na nyanyake habari za Lang'ata aiandike habari hiyo kati ya hesabu za rangi na msasa. Daftari likijaa, hata mnunuzi wa vyuma kuukuu akija na mizani yake, atakuta chini ya kiti hicho kitu kisichopimwa kwa kilo.