Punda hasemi, lakini ana haki yake

Ndugu msomaji, msimu wa mavuno uliopita nilikwenda Butiama kuchukua mahindi ya mama mdogo ili niyapeleke Musoma. Kutoka shambani hadi barabara ya lami gari halifiki, hivyo nikakodi punda. Kijana mwenye punda alipakia gunia moja, nami nikamwambia aongeze nusu gunia, nisije nikalipa safari ya pili. Nikamwuliza: "Ataweza?" Akanijibu: "Mzee, atabeba tu. Huyu hasemi."

Kweli, punda alibeba. Tulipofika barabarani na kufungua kamba, nikaona kidonda mgongoni. Kamba imekula ngozi. Nauli niliokoa mimi, lakini aliyeilipa ni yeye.

Tangu siku ile najiuliza: je, mwenye haki ni yule tu anayeweza kukataa?

Katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, watu humbebesha mizigo mnyama aitwaye lama. Lama akizidishiwa mzigo hulala chini, akagoma kuinuka mpaka apunguziwe. Mwenye lama hata asipokuwa na huruma, mnyama mwenyewe anamwekea mpaka. Punda wetu mara nyingi huvumilia hadi anaanguka. Kwa hiyo mpaka huo inabidi auweke binadamu mwenyewe, kwa kumcha Mungu.

Wapo wanaosema punda ni punda tu. Haliwi wala hachinjwi Idi, ana thamani gani? Hoja hii ni dhaifu. Ni kweli kwamba nyama ya punda wa kufugwa imeharamishwa. Lakini Surat An-Nahl, aya ya 8, inamtaja pamoja na farasi na nyumbu miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipanda punda, na alipomwona punda aliyechomwa chapa usoni, alimlaani aliyefanya hivyo. Na ngamia wa Ansari mmoja alipomlilia, alimtaka mwenyewe amche Mungu, kwani alikuwa akimshindisha njaa na kumchosha kwa kazi. Ngamia yule alipata wa kumsemea. Punda wa Bunda anasemewa na nani?

Mtu atasema sheria zipo. Ni kweli, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika nao walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Hayo ni mema. Lakini sheria inayomwokoa punda na kisu haiwezi kumwokoa na mteja anayebania nauli. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80. Hesabu hiyo haihitaji askari, inahitaji dhamiri.

Basi tusimlaumu kijana mwenye punda peke yake. Yeye anatafuta riziki, na aliyeagiza nusu gunia liongezwe ni mimi. Ukimya wa punda niliuchukua kuwa ni ridhaa, kumbe haukuwa ridhaa hata kidogo. Na majumbani mwetu hapa mjini, wasiosema si punda peke yao.

Inshaallah mavuno yajayo nitalipa safari mbili.

Wabillahi tawfiq.