Picha Bila Hadithi

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, vibanda vya Makoroboi hapa Mwanza hujaa mashujaa. Mabegi yananing'inia kuanzia juu ya kichwa mpaka miguuni: Spider-Man wa wavulana, Elsa wa wasichana, na katikati yao mabinti watatu wenye macho makubwa kama sahani. Wauzaji huwaita "katuni" tu. Majina yao ni Blossom, Bubbles na Buttercup, wa kipindi cha The Powerpuff Girls, alichokibuni Craig McCracken na kuanza kuonyeshwa Cartoon Network, Marekani, mwaka 1998.

Mwaka huu dada yangu, anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alimnunulia binti yake begi hilo kwa shilingi 15,000. Pembeni lilikuwepo jeusi, gumu zaidi, kwa bei ileile. Mtoto akang'ang'ania lenye picha. Jioni akaniuliza, "Mama mdogo, mbona hawa hawana vidole?" Kisha, "Kwani wanafanyaga nini?"

Swali la pili halijanitoka kichwani. Je, ni haki kumuuzia mtoto shujaa asiye na hadithi?

Wapo watakaosema hili ni suala la sheria, maana mabegi mengi ya aina hii ni ya kuiga, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Sawa. Lakini sheria inauliza nani kaibiwa picha. Mimi nauliza mtoto kapewa nini.

Ndani ya kipindi, mabinti hao ni wa umri wa chekechea. Wanaokoa mji, kisha wanarudi nyumbani kulala. Mmoja anaongoza, mmoja ni mpole na hulia upesi, mmoja anapenda ugomvi, wote wanahitajiana. Hadithi inamwambia mtoto kwamba hata mdogo anaweza kutegemewa. Ukiiondoa hadithi, picha haisemi tena "naweza". Inasema "ninalo". Na jirani yake wa dawati, mwenye mfuko wa salfeti, anasikia "huna".

Muziki ni bidhaa pia. Mwaka 2000 kipindi hicho kilitolewa albamu, Heroes & Villains, yenye bendi kama Devo na Shonen Knife. Ila wimbo una tabia yake: ukishausikia, unaweza kuuimba, na ukimwimbia mwenzako haukupungui. Angalia Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro katika Akili and Me, kipindi cha Ubongo ya Dar es Salaam. Mpwa wangu anahesabu kwa nyimbo zake, na rafiki zake wasio na televisheni wamejifunza kutoka kwake. Begi la Akili, hata hivyo, sijaliona Makoroboi. Kwa hiyo tuna mabinti ambao begi lao limetufikia bila wimbo, na binti ambaye wimbo wake umetufikia bila begi.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba tuachane na mabegi. Nilipomgusia dada, alinikata: "Mdogo wangu, mimi nilibeba madaftari kwenye salfeti ili wewe ununuliwe begi. Unaijua ile aibu?" Siijui. Na nimeona kwamba wanaowahubiria watoto kuridhika, mara nyingi, ni watu ambao hawakuwahi kukosa. Kutamani kuonekana si upumbavu wa kitoto. Watu wazima tunavalia harusi kwa sababu hiyohiyo.

Basi kosa haliko kwenye kununua. Liko kwenye kudhani kwamba malipo yaliishia pale kibandani. Anayemnunulia mtoto picha anadaiwa hadithi. Muuzaji hatailipa, yeye kauza kitambaa na zipu. Kampuni ya Marekani haijui kwamba Kirumba ipo. Deni ni letu, mama wadogo na wajomba, na halihitaji vocha wala king'amuzi. Hata tusipoijua hadithi yenyewe, tunaweza kumtungia: mabinti watatu wa Ukerewe, ziwa limechafuka, mtumbwi umezidiwa, na wasio na vidole wanalazimika kushika kamba kwa pamoja.

Begi la bei hiyo huenda lisifike likizo ya Juni. Litakapochanika, mtoto ajue alikuwa amembeba nani.